SOMO LA SABA: MKUNGA ANASIMULIA



Katika somo lililopita tulijifunza kusoma mizani ya kupimia pamba, ili mkulima asipunjwe. Leo tunaacha shamba na ghala, tunaingia katika chumba cha kuzalia. Ikiwa wewe ni mama mjamzito, au nyumbani kwako yupo mama mjamzito, leta kadi yake ya kliniki uiweke karibu na kitabu hiki. Tutaihitaji kabla somo halijaisha.

Anayesimulia hapa ni muuguzi mkunga wa kituo cha afya katika wilaya ninayofanyia kazi. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka 16. Nilimfahamu kwa sababu kila Alhamisi jioni huja kufundisha somo la afya katika darasa letu la akina mama. Siku moja, baada ya darasa, nilimwuliza, "Dada, katika miaka yote hiyo, ni siku zipi ambazo huwezi kuzisahau?"

Nilidhani atanieleza juu ya mapacha watatu, au mtoto aliyezaliwa na meno. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, zinazokaa kichwani si zile za ajabu. Ni zile ambazo ilibaki kidogo tu."

Majina ya akina mama sikumwuliza, naye asingenitajia. Yanayotokea katika chumba cha kuzalia ni siri ya mama aliyejifungua. Haya niliyoyaandika nimeyaandika kwa ruhusa yake.

Mtoto asiyelia

Siku ya kwanza anayoikumbuka ni zamu yake ya kwanza ya usiku akiwa peke yake. Mama alijifungua salama, lakini mtoto alitoka kimya. Alikuwa amelegea kama kitambaa.

Wengi wetu tumesikia kwamba mtoto asiyelia hushikwa miguu, kichwa chini, akapigwa makalio, au humwagiwa maji baridi. Mambo hayo yameachwa, maana humdhuru mtoto wala hayamsaidii kuvuta pumzi. Mkunga alimkausha kwa kitambaa kikavu na kumsugua mgongo. Mtoto kimya. Akakata kitovu, akamlaza mezani, akakiweka kichwa chake sawa kama mtu anayetazama dari. Kisha akamfunika pua na mdomo kwa kifuniko cha mpira chenye mfuko wa hewa, akauminya mfuko. Kifua kikapanda. Akauminya tena na tena, huku akihesabu kwa sauti.

Wakunga huiita dakika ile ya kwanza "dakika ya dhahabu". Mtoto asiyevuta pumzi yampasa aanze kupuliziwa hewa kabla dakika hiyo haijaisha.

"Alipolia, alilia kama paka mdogo," alisema. "Mama yake akaniuliza, 'Nesi, ni wa kike au wa kiume?' Nilikuwa sijatazama. Ndipo nikaona pia kwamba nimevaa kiatu kimoja tu. Kingine sijui kilinitoka wapi."

Mafunzo hayo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua yalianza kutolewa katika hospitali 8 za Tanzania mwaka 2009. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua karibu nusu katika hospitali hizo. Mfuko ule wa hewa hautumii umeme wala dawa. Unatumia mkono wa mtu aliyefundishwa, na sharti mtu huyo awepo dakika ile ile. Ukimwita baada ya mtoto kushindwa kupumua, hata kama anakaa nyumba ya pili, amechelewa.

Ndoo ya bibi

Habari hii ndiyo aliyoisimulia kwa kirefu, nami naiandika kwa kirefu.

Ilikuwa mwaka 2018, wakati wa masika. Mama mmoja alijifungua mtoto wake wa pili nyumbani, saa moja na nusu usiku. Walikuwapo mama mkwe wake, wifi yake, na jirani mmoja aliyezoea kuzalisha. Mtoto alilia vizuri. Kondo la nyuma lilitoka bila taabu. Wakapiga vigelegele, wakampa mzazi uji, na jirani akaenda zake.

Damu ilikuwa ikitoka, lakini hakuna aliyeshtuka, maana kila mzazi hutokwa na damu. Haikutoka kwa kishindo. Ilitiririka kidogo kidogo, kama maji ya mtungi wenye ufa. Kanga ya kwanza ikalowa, wakaibadili. Ya pili nayo ikalowa. Wifi akazichukua ili akaziloweke uani, lakini yule bibi akamzuia. "Acha. Zitie katika ndoo, wala usitie maji."

Bibi huyo hajapata kwenda shule. Lakini alikuwa amezaa watoto 7, na katika kila uzazi alikumbuka alilowesha kanga ngapi. Ilipoanza kulowa ya tatu alisema, "Hii si damu ya uzazi ninayoijua mimi."

Wakati huo mzazi alikuwa amekwisha kusema kwamba anaona giza. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na jasho lilimtoka usoni ingawa hapakuwa na joto. Bibi akasema apelekwe kituoni mara moja.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mume alikuwa amekwenda mnadani, atarudi kesho. Simu yake haikupatikana. Mdogo wake akasema, "Tumsubiri kaka. Mke ni wake, na fedha anazo yeye." Bibi akamjibu, "Huyo unayemsubiri nilimzaa mimi. Nimekwisha kuamua badala yake."

Nauli walikopa kwa jirani. Zilitafutwa pikipiki mbili. Ya kwanza ilimchukua mzazi katikati, dereva mbele, na wifi nyuma akimshika asianguke. Ya pili ilimchukua bibi, mtoto akiwa kifuani ndani ya kanga kavu, na ndoo mkononi. Njia ilikuwa ya matope. Walifika kituoni saa tatu na nusu.

"Nilimwona bibi anashuka na ndoo," mkunga alisema. "Nilitaka kumwambia aiache nje. Akanipa mkononi kabla sijasema neno. Mwalimu, kwa ule uzito tu nilijua."

Ndani ya ndoo zilikuwamo kanga tatu zilizolowa chepechepe. Pembeni, katika mfuko wa nailoni, lilikuwamo kondo la nyuma. Kwa desturi lilipaswa kuwa limekwisha kuzikwa. Bibi alikuwa amekataa lisizikwe, akisema labda nesi atataka kuliona.

Mkunga alimtuma mlinzi kumwita mwenzake aliyekuwa amelala. Akamdunga mama sindano ya oksitosini kwenye paja. Dawa hiyo huufanya mji wa mimba ujikaze, na unapojikaza hubana mishipa inayovuja. Akaweka mpira wa kutoa mkojo, kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia mji wa mimba kujikaza. Akasugua tumbo chini ya kitovu kwa kiganja. Mwenzake alipofika aliweka dripu. Damu ikapungua, lakini haikukoma.

Ndipo akalitandaza lile kondo la nyuma chini ya taa. Kondo zima huwa la mviringo, kama mkate wa kumimina. Hili lilikuwa na pengo ubavuni, upana wa vidole viwili. Kipande kilikuwa kimebaki ndani. Mkunga alivaa glavu ndefu, akakitoa kwa mkono, akasugua tena. Safari hii mji wa mimba ulikuwa mgumu kama nazi, na damu ikakoma.

"Kama wangelizika lile kondo," aliniambia, "ningekuwa napapasa gizani."

Walipokuwa wakilisubiri gari la kumpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya akaongezewe damu, mkunga alitoka nje akaketi karibu na bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ataishi?"

"Ataishi, bibi. Lakini nataka kukuuliza. Kadi anayo, na kliniki alikuja mara nne. Kwa nini mlimwacha azalie nyumbani?"

"Unataka nikwambie?"

"Niambie, bibi."

"Mtoto wa kwanza alizalia hapa hapa. Nesi alimgombeza. Alimwambia asipige kelele, kwa kuwa alipokuwa akiitafuta mimba hiyo hakuna aliyezisikia kelele zake. Aliporudi nyumbani alisema nyumba hii hataikanyaga tena."

"Nesi gani, bibi?"

Bibi alimtazama tu.

"Ni mimi, mwalimu," mkunga aliniambia. Nilimwona akikunja na kukunjua kitambaa mikononi. "Nilikumbuka usiku ule. Nilikuwa peke yangu, wazazi watano, wawili wakisukuma kwa wakati mmoja. Nilitaka kujitetea. Lakini bibi ana ndoo miguuni pake, na kanga za mkwe wake zimo ndani. Ningesema nini?"

Mama yule aliongezewe damu chupa mbili, akapona. Mwaka 2021 alipata mimba nyingine, na akaja kujifungulia pale pale kituoni. Bibi alimsindikiza, na ndoo yake mkononi. Alipomwona mkunga akasema, "Nimeileta tena, lakini leo ni ya maji ya kuoga." Wote wawili walicheka mpaka wagonjwa wengine wakauliza kuna nini.

Mimi naongeza neno langu hapa. Kauli mbaya katika chumba cha kuzalia si jambo dogo. Mama aliyetukanwa hasahau, na dada zake husikia, na majirani husikia. Mwananchi akitendewa vibaya ana haki ya kumweleza mganga mfawidhi, au wajumbe wa kamati ya kituo, ambao wamo wanakijiji. Tena ni kweli kwamba muuguzi mmoja kwa wazazi watano ni kazi isiyowezekana. Kamati ile ile yafaa iliseme hilo pia kwenye mkutano, wala isingoje muuguzi alalamike mwenyewe.

Damu haipimwi kwa macho

Mwili wa mtu mzima una damu kiasi cha lita 5. Mama aliyejifungua akipoteza nusu lita, yaani kiasi cha chupa ndogo ya maji ya dukani, hapo hatari imeanza, na anahitaji msaada mara moja. Damu ikiendelea, yaweza kumwua mama mwenye afya kwa saa mbili tu. Shida ni kwamba damu iliyomwagika kwenye godoro, sakafu na nguo haionekani kuwa nyingi. Hata wakunga waliosoma hukosea, na mara nyingi hukosea kwa kuona ni kidogo kuliko ilivyo.

Yule bibi alikuwa na kipimo, ingawa hakufundishwa na mtu. Kipimo hicho kimepata kutumika hata katika utafiti. Mkoani Kigoma wakunga wa jadi walifundishwa kuhesabu kanga: zikilowa kanga mbili, hapo damu imezidi, wachukue hatua. Walipewa pia vidonge vya misoprostoli, ambavyo navyo huufanya mji wa mimba ujikaze. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Basi usingoje ya tatu kama walivyongoja wao. Tena kama damu inabubujika, usingoje hata kanga moja.

Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Chini ya kila mama aliyejifungua uliwekwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia, ili damu ionekane ni kiasi gani. Ikifika kwenye mstari wa hatari, mkunga hakungoja kujaribu dawa moja moja. Alifanya yote kwa pamoja: kusugua tumbo, dawa za kukaza mji wa mimba na za kuzuia damu, dripu, na kutazama damu inatoka wapi. Kutokwa na damu nyingi mno pamoja na madhara yake kulipungua kwa asilimia 60, ukilinganisha na hospitali zilizoendelea na njia za zamani. Mimi si mganga, lakini jambo hili nimelielewa bila shida: kwanza pima, kisha usichelewe.

Mama ambaye hakurudi

Kuna siku moja mkunga aliitaja kwa maneno machache, nami sikumsukuma aongeze.

Mama huyo alikuwa na mimba ya kwanza. Alikuja kliniki akiwa na miguu na uso vilivyovimba, na alisema kichwa kinamwuma. Siku hiyo mashine ya kupimia shinikizo la damu ilikuwa imeharibika. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Baada ya siku nne alianza kuanguka na kutupa mikono na miguu. Watu wa nyumbani wakasema ni mashetani, wakampeleka kwa mganga wa kienyeji, na siku ikaisha huko. Alipoletwa kituoni alikuwa hajitambui. Walimpa dawa ya magnesiamu, ambayo ndiyo dawa ya kifafa cha mimba, wakampeleka hospitali. Hakurudi, wala mtoto wake.

"Kila nikipima shinikizo la damu namkumbuka," alisema. "Mashine yetu ikiharibika sasa, siondoki kwa mganga mfawidhi mpaka nyingine ipatikane."

Siandiki haya ili kuwalaumu watu wa nyumbani peke yao. Kituo kilikosea kwanza. Nasi kijijini tukakosea baadaye. Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba: mama mjamzito akiona mojawapo asiulize kama ni siku ya kliniki au siyo. Aende, na aseme, "Naomba nipimwe shinikizo la damu." Maneno hayo yaandike katika daftari lako.

Utafiti wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa akina mama 104 hufariki kwa sababu za uzazi katika kila watoto hai 100,000 wanaozaliwa Tanzania. Katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016 idadi ilikuwa 556. Tofauti hiyo ni kubwa sana. Katika utafiti huo wa 2022, watoto 81 kati ya kila 100 walizaliwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali.

Sasa chukua kadi

Ifungue. Tafuta tarehe ya matazamio ya kujifungua, uisome kwa sauti. Hesabu ni wiki ngapi zimebaki. Kisha tafuta palipoandikwa kundi la damu. Kama hapajajazwa, usinyamaze. Ukienda kliniki uliza kwa nini. Halafu tafuta orodha ya dalili za hatari, na umsomee mtu mwingine wa nyumbani, hasa yule ambaye hajui kusoma.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Mke wangu alipokuwa akijifungua mtoto wetu wa kwanza, mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Muuguzi alitoka akaniuliza kundi la damu la mke wangu. Mimi, mwenye cheti cha kufundisha watu wazima kusoma, nilikodoa macho. Kadi ilikuwa nyumbani, juu ya kabati. Kwa bahati damu haikuhitajika.

Kuhusu usafiri, hapa Tanzania uko mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata shida, piga simu namba 115. Simu hiyo haina malipo. Utaulizwa dalili na mahali mlipo, kisha gari la wagonjwa au dereva aliyeandikishwa atatumwa. Namba hiyo iandikwe ukutani kwa mkaa, karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto wa shule anaweza kuisoma.

Lipo pia suala la nani ataamua. Mkunga wetu huliuliza kila Alhamisi: "Baba asipokuwapo, nani atasema twende?" Mara nyingi akina mama hutazamana. Yafaa mume aliseme mapema, mbele ya mama yake na ndugu zake, kwamba akiwa safarini fulani ataamua na fedha zipo mahali fulani.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mzazi alijifungua saa moja na nusu, wakafika kituoni saa tatu na nusu. Muda huo ulipoteaje? Ni sehemu ipi ingeweza kupunguzwa?

2. Kwa nini bibi alikataa kanga zisitiwe maji?

3. Hapa kijijini kondo la nyuma huzikwa lini na nani? Je, mzee wa desturi atakubali likaguliwe kwanza? Mwalikeni darasani mumwulize.

4. Taja watu watatu wa kijiji hiki wenye pikipiki au gari ambao mtu anaweza kuwaamsha usiku. Andika namba zao za simu.

5. Je, umewahi kuogopa kwenda kituoni kwa sababu ya maneno uliyoambiwa? Anayetaka aeleze. Asiyetaka asilazimishwe.

Kazi ya nyumbani: mwulize mama au bibi yako alijifungua watoto wake wapi, na nani alikuwapo. Andika mistari mitano, uilete Alhamisi. Mkunga ameahidi kwamba ataisikiliza yote.